Clement Bufton na Baiskeli Yetu ya Viti Viwili

Clement Arthur Bufton, ambaye leo Ijumaa tarehe 21 Septemba 2018 tunamlaza hapa Much Barrow, alikuwa mume wangu kwa miaka hamsini na saba kasoro wiki chache. Mchungaji alijitolea kuniandikia maisha ya Clement. Binti yetu Rosalind naye aliandika ukurasa mmoja kwa mashine, ukurasa mzuri, wenye tarehe zote. Tarehe zake nimezichukua. Yaliyobaki nimeandika mwenyewe kwa mkono, polepole, siku nne. Atakayeona sentensi zangu hazikunyooka avumilie. Nimechoka, na sitaandika mara ya pili.

Kabla sijaanza, niseme kwamba ninajua kinachozungumzwa kwenye duka la posta. Kwamba Enid Bufton alimpakia mzee mgonjwa kwenye baiskeli akamuua. Ninajua pia kwamba tangu siku ile Rosalind ameniuliza jambo moja tu, baba yake alisema nini mwisho, na mara tatu nimemnyamazia. Nitayafikia yote mawili. Lakini Clement aliishi miaka themanini na moja kabla ya siku ile, na miaka hiyo nayo ina haki ya kusomwa.

Alizaliwa Jumanne tarehe 9 Februari 1937, hapa hapa, katika nyumba ya mwisho kwenye njia ya kinu, mtoto wa tatu na wa mwisho wa mzee Arthur Bufton na mkewe Hester. Mzee Arthur alikuwa fundi wa wigo. Kila majira ya baridi aliyakata nusu mashina ya miti ya wigo, akayalaza na kuyasuka, na mikono yake ilikuwa na miiba mwaka mzima. Mama mkwe wangu alikuwa akisema Clement alizaliwa na miguu iliyozidi urefu wa kitanda. Sikuwahi kuamini, lakini aliapa mbele yangu mara nyingi, na hakuwa mwanamke wa kubishana naye.

Alianza shule ya kijiji mwaka 1942, akatoka 1952 akiwa na miaka kumi na mitano. Hesabu alizimudu, kuimba hakukuweza, ramani alizipenda kuliko chakula. Siku moja mwalimu alimchapa kwa sababu alichora ubaoni njia ambayo haimo kwenye ramani ya wilaya. Clement akasema, "Ipo, mwalimu. Inaanzia nyuma ya ghala la akina Preece inaishia malishoni." Akachapwa tena kwa kubisha. Jumamosi mwalimu akaenda kutazama kwa miguu yake, amevaa viatu vya kanisani, akarudi ametapakaa tope mpaka magotini. Radhi hakuomba. Jumatatu aliweka tu juu ya dawati la Clement ramani ya kukunja, ya kitambaa, ya wilaya nzima, akaendelea na somo. Ramani hiyo imo katika mfuko wa koti alilovishwa leo. Imechanika kwenye mikunjo yote na haifai tena kwa kazi yoyote.

Mwaka 1953 aliajiriwa na halmashauri kama mtu wa barabara, na ukiacha miaka miwili ya jeshi ambayo hakuipenda, aliifanya kazi hiyo mpaka alipostaafu Machi 1997. Mnajua kazi yake kwa sababu mnapita juu yake. Alichimba mitaro, akazibua makalvati, akafyeka nyasi za kando, akapaka rangi vibao vya njia panda. Jumatatu hadi Ijumaa alizitengeneza njia, na Jumapili alizipita kwa baiskeli pamoja na klabu ya Bonde la Arrow, ambayo alijiunga nayo akiwa na miaka kumi na saba. Tairi likigonga shimo wenzake walitukana halmashauri. Yeye alisema tu, "Hilo ni langu," na kufikia Jumanne lilikuwa limezibwa.

Nilikutana naye Septemba 1960. Nilikuwa naokota matufaha ya kukamulia saida, kile kileo cha matufaha, kwenye shamba la Whitlow, mgongo umekufa, mikono imevimba. Klabu ikasimama langoni, wanaume tisa wenye kaptura, na aliyekuwa mrefu kuwazidi wote akauliza, "Dada, una maji?"

Nikamwambia, "Bomba liko uani. Mikono unayo."

Wenzake walicheka mpaka mmoja akaangusha baiskeli yake mtaroni. Jumapili iliyofuata akaja peke yake.

"Wewe tena? Maji ya kwenu yamekauka?"

"Yapo. Ila hayana mtu wa kunitukana wakati nakunywa."

Tulifunga ndoa Jumamosi tarehe 14 Oktoba 1961, katika kanisa hili. Rosalind, mtoto wetu wa pekee, alizaliwa tarehe 3 Mei 1964. Baiskeli ya viti viwili tuliipata mwaka mmoja kabla yake, kutoka kwa mjane mmoja wa Ludlow. Ilikuwa ya kijani. Yule mama aliushika usukani kwa muda mrefu hata tukadhani ameghairi kuitoa.

Kwa wasiojua, niseme jinsi inavyokwenda. Anayekaa mbele ana usukani, breki na kengele. Anayekaa nyuma ana pedali tu. Mnyororo mmoja unaunganisha pedali za mbele na za nyuma, kwa hiyo miguu ya mmoja ikizunguka ya mwingine inazunguka nayo, apende asipende. Na mbele ya anayekaa nyuma kuna mgongo. Nimeijua nchi hii kwa kutazama pembeni, wigo wa kushoto na wigo wa kulia, na katikati shati la Clement. Watu wakiniuliza Shropshire ikoje, Radnor ikoje, ninaanza kukumbuka mashati.

Lakini kwenye kiti hicho ndipo nilipojifunza kusoma. Nilikaa shuleni kidogo sana, maana mama yangu aliugua na nyumba ilinihitaji. Clement aligundua wiki ya kwanza ya ndoa. Siku tulipoanza kutembea kwa baiskeli akaniambia macho yake hayaoni vizuri vibao, nimsomee. Uongo mtupu, aliona hata sungura akiwa shamba la tatu. Kila njia panda alisimama akangoja. Kama ni dakika tano, alingoja dakika tano, anasafisha miwani. Kibao cha kwanza nilichokisoma mwenyewe kutoka mwanzo mpaka mwisho kilisema Pembridge, maili mbili na nusu. Akasema, "Ahaa, sawa, nilidhani ni tatu," akakanyaga.

Kila Agosti tulichukua wiki moja, tukamwacha Rosalind kwa bibi yake, tukaenda. Tulibeba hema, jiko dogo la mafuta, birika, mkate na jibini. Tulikaa mbali na barabara kubwa. Njia zake zilikuwa zile ambazo nyasi zimeota katikati, unapita mwendo wa saa nzima usikutane na mtu ila mwanamke anayeanika nguo, naye anakupungia mkono akiwa na kibanio mdomoni. Mwaka 1968 katika bonde la Clun tulifika mahali ambapo kijito kinapita juu ya njia.

Clement akasema, "Shuka, mke wangu, tuikokote."

Nikasema, "Sishuki. Nina soksi kavu kwa mara ya kwanza tangu Jumatatu."

"Chini ni mawe, Enid. Yana utelezi."

"Basi usiteleze."

Aliteleza. Tulikaa ndani ya maji mpaka kifuani, baiskeli juu yetu, mkate wetu unaelea kuelekea Wales. Mke wa mkulima alitukausha kando ya jiko lake akatuazima nguo za mumewe, mwanamume mfupi mnene. Kesho yake ilikuwa Jumapili, nguo zetu bado mbichi, na Clement akaingia kanisani kwao na suruali iliyomfika magotini, akasimama mstari wa mbele kuimba, naye kuimba hakujua. Nilicheka mpaka nikatolewa nje. Hakunilaumu kwa kijito kile. Mimi ningemlaumu mpaka leo.

Ugonjwa ulianza Mei 2015. Kwenye njia panda karibu na Weobley, ambapo alikuwa amepita tangu akiwa na kaptura za shule, alisimamisha baiskeli, akashuka, akainamia mnyororo.

Nikauliza, "Kuna nini?"

"Umelegea."

Mnyororo haukuwa umelegea. Nilikuwa naona mikono yake inaugusa tu. Alipoinua kichwa akatazama kushoto, akatazama kulia, akaniuliza kwa sauti ya mtu anayeuliza saa, "Wewe ungependa tupite wapi leo?" Nikasema kushoto. Akasema, "Nami nilikuwa nawaza hivyo hivyo." Nyumbani nilikwenda kukaa bandani peke yangu.

Daktari wa Leominster alitupa jina la ugonjwa mwezi Februari 2016. Mwaka uliofuata akatwambia moyo nao umedhoofika. Sitasoma mengi ya miaka hiyo. Waliowahi kumtunza mtu wa namna hiyo wanayajua, na wasiowahi hawatayaelewa kwa kusomewa. Alilisahau jiko, akasahau choo kiko wapi, akasahau majina. Ndani ya nyumba alikuwa na hofu tangu anapoamka. Alizunguka meza akigusa viti, akiuliza atarudi kwao lini. Nilikuwa nimechoka kiasi kwamba niliwahi kusinzia nimesimama, nikimfunga vifungo vya shati.

Aprili 2017 aliikuta baiskeli bandani, akapanda kiti cha nyuma mwenyewe, akatulia. Nikangoja ashuke. Hakushuka. Basi nikavaa viatu, nikapanda mbele. Nilikuwa na miaka sabini na saba na sijawahi kushika usukani ule. Ivor Preece, rafiki yake wa klabu tangu ujana, alikuwa anapita akatuona tukiyumba kutoka langoni.

"We Enid! Nani atakuonya mashimo?"

"Mashimo yote nayajua, Ivor. Nimeyakalia miaka hamsini."

Mle barabarani Clement hakuwa na hofu. Kichwa kilisahau lakini miguu haikusahau hata kona moja. Alitaja malango kwa majina ya wenyewe waliokwisha kufa zamani. Alisikia mtaro ulioziba akasema, "Huu unahitaji jembe." Tukirudi alikula, na alilala. Tulikwenda mara mbili kwa wiki, tatu mvua ikiruhusu, maili sita, maili nane. Siku nyingine alinijua. Siku nyingine nilikuwa mwanamke fulani wa mbele, na tukifika nyumbani alinishukuru kwa lifti.

Rosalind ni muuguzi Worcester, na alisema kama muuguzi anavyopaswa kusema. Alisimama jikoni kwangu Juni mwaka huu, koti hajavua.

"Mama, moyo wake haumalizi hata ngazi za kupanda kwenda kulala."

"Ngazini anaogopa. Kwenye baiskeli haogopi."

"Kuna nyumba nzuri ya wazee Hereford. Nimeiona. Ina bustani."

"Bustani ina ukuta?"

"Mama! Akifia huko barabarani?"

"Atakuwa amefia kazini kwake."

"Hilo si jibu, hicho ni kiburi chako. Ukimpandisha tena akafa, usinipigie simu mimi."

Nilimpandisha tena. Na alipokufa nilimpigia simu, akaja. Nalisema hili ili ijulikane kwamba alikuja.

Jumanne tarehe 11 Septemba tulitoka saa tatu asubuhi. Kulikuwa na manyunyu. Nilibeba chupa ya chai na mkate wa jibini na kitunguu. Ilikuwa siku ya nne mfululizo hanijui, na goti langu la kushoto lilikuwa linauma tangu kitandani. Tulipita njia ya kinu, tukakunja kupanda kilima cha Hollin, ambacho ni kirefu na hakina mahali pa kupumzika. Ukisimama katikati na baiskeli ya viti viwili huwezi kuanza tena.

Klabu yetu haina sheria nyingi, ila hii moja haivunjwi. Anayefika juu ya kilima anasimama. Hafungui chai, hakalii nyasi, haondoki, mpaka wa mwisho afike na pumzi yake imrudie. Clement aliishika sheria hiyo miaka sitini na nne.

Tulipofika nusu ya kilima alinigusa mgongoni, kwa adabu, kama unavyomgusa mtu usiyemfahamu. Akasema, "Mama, samahani. Tukifika juu usimame. Mke wangu yuko nyuma. Kilima hiki kinamchosha, nami siondoki bila yeye."

Hayo ndiyo maneno yake ya mwisho, Rosalind.

Sasa neno langu. Sisi wa baiskeli za namna hii tuna utani wa zamani, kwamba wa nyuma hakanyagi, amekaa tu anachuma maua. Clement alinitania hivyo miaka yote, kila kilima. Nami nilikuwa nimelowa, goti linawaka, nimechoka kuwa mtu asiyejulikana, nikamjibu bila kugeuka, "Nyuma hakuna mtu! Mkeo ndiye anayekukokota, mvivu wee! Acha kuchuma maua, kanyaga!"

Pedali zikawa nzito. Paji la uso wake likaja likatua katikati ya mabega yangu, nami nikadhani anacheka. Ndivyo alivyocheka siku zote, kimya, kichwa kimeinama. Nikaongeza nguvu. Miguu yake ilikuwa imefungwa kwenye pedali kwa mikanda, nami ndiye niliyeifunga, kwa hiyo ilizunguka kwa sababu miguu yangu ilizunguka. Nilimvuta hivyo mpaka juu, na njia nzima nilikuwa namwambia kanyaga.

Daktari anasema alikuwa amekwisha kufariki kabla hatujapita lango la pili la kilimani, na kwamba hakusikia maumivu. Nimekubali.

Juu nilisimama. Nikaweka miguu chini, nikabana breki, na hapo ndipo nilipojua. Sikuweza kushuka. Ningeiachia baiskeli angeanguka, ningemshika yeye baiskeli ingetuangukia wote. Basi nilisimama katikati ya njia nimeishika, yeye ameniegemea, mpaka gari la posta lilipotokea. Kijana wa posta anasema ilikuwa saa nne kasorobo. Mimi naona nilisimama pale kama nusu saa, mvua ikinyesha.

Kwa hiyo, kwa wale wa dukani, jibu langu ni hili. Ndiyo, nilimtoa. Angekuwepo kesho ningemtoa tena, na sitaomba radhi kwa jambo hilo kwa yeyote aliye hai. Sitaki kuhurumiwa pia. Radhi ninayodaiwa ni ya neno lile kilimani, na ni kwake yeye.

Rosalind, sikukunyamazia kwa kukukomoa. Ulitaka neno la kukufaa, na nililokuwa nalo ni kwamba baba yako alikufa hanijui, nami nikimfokea. Niliona aibu. Nimebeba hili siku kumi na ni zito kuliko yeye alivyokuwa. Sasa umelipata, lipime mwenyewe, wewe ni mjuzi wa wagonjwa kuliko mimi. Ila katika siku hizi nne za kuandika nimelisoma tena na tena, maana mimi husoma polepole, na naona kwamba hakusema nyuma kuna mwanamke. Alisema mke wangu.

Clement Bufton ameacha mjane, Enid. Binti, Rosalind, na mumewe Keith. Mjukuu mmoja, Tamsin. Rafiki yake Ivor Preece pamoja na wanaklabu kumi na mmoja waliokuja leo kwa baiskeli kwenye mvua. Na maili nyingi za mitaro ambayo sasa haina mtu. Kando ya kaburi nitasimama upande wa kushoto. Upande wangu wa kulia nimeacha nafasi ya binti yangu. Akija, vyema. Asipokuja nitasimama mwenyewe, nimeshaona kwamba ninaweza.

Mungu ampe pumziko, na ampe mahali pa kuketi, asingoje amesimama. Mkewe bado yuko nyuma, na kilima hiki kinamchosha.